Rula, sifa, nukta au ukingo: njia nne za kupima umbo la tunda kwa picha

Chukua matunda mawili yenye urefu wa milimita 90 na upana wa milimita 60. La kwanza ni duaradufu safi, nusu ya juu sawa na nusu ya chini. La pili lina shingo nyembamba karibu na kikonyo na kitako kilichojaa, kama peasi. Rula itakuambia ni pacha: 90 kugawanya kwa 60 ni 1.5 kwa yote mawili. Jicho la mtoto litakataa.

Anayetafiti maumbo ya matunda hukwama hapohapo. Picha anazo, au anajiandaa kuzipiga. Anaona wazi kwamba aina moja haifanani na nyingine, lakini hajui aigeuze tofauti hiyo kuwa namba kwa njia gani. Njia zinazotumika sana ni nne: kupima urefu, upana na viashiria vyake, kutumia programu yenye orodha ya sifa zilizokwisha kufafanuliwa, kuweka nukta alama kwenye sehemu maalumu za tunda, au kuchukua ukingo wote na kuuandika kwa hesabu za Fourier, yaani kuuvunja mstari kuwa mikunjo rahisi inayojumlishwa. Kila moja ina watu wanaoiapia, na kila moja imeshaharibu utafiti wa mtu aliyeichukua kwa sababu tu mwenzake aliitumia.

## Mambo ya kupimia njia zenyewe

La kwanza ni swali ambalo njia inajibu. Mwanatakwimu David Kendall alilifafanua umbo kwa namna inayosaidia sana: umbo ni kile kinachobaki ukishaondoa mahali kitu kilipo, ukubwa wake, na upande kilikoelekea. Kwa hiyo tunda dogo na tunda kubwa huweza kuwa na umbo lilelile. Njia nyingine hutenga ukubwa na umbo zenyewe, nyingine hukuachia kazi hiyo.

La pili ni picha inayohitajika: tunda zima au lililopasuliwa, skana au kamera. La tatu ni jasho, yaani muda unaotumia kwa tunda moja, ukizidishwa kwa idadi uliyonayo. La nne ni kinachopotea. Kila njia hutupa sehemu ya taarifa, na hakuna isiyotupa. La tano ni usomaji wa majibu: je, namba inayotoka unaweza kumweleza mtu wa mbegu naye akaelewa, au inabaki namba ya kwenye jedwali?

Mimi huanza na la nne. Ukijua njia inatupa nini, na ukaona unaweza kuishi bila kitu hicho, mengine hujipanga. Ukilisahau, utamaliza vipimo vyote ndipo ugundue kwamba ulichokuwa unakitafuta hakikuwahi kuingia kwenye jedwali.

## Picha kabla ya yote

Hakuna njia kati ya hizi nne inayoponya picha mbaya, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwa matunda yaliyopasuliwa kwa urefu, skana ya mezani ni rafiki mkubwa. Uso uliokatwa unalala bapa juu ya kioo, umbali haubadiliki, na kipimo kinajulikana: ukiskani kwa nukta 300 kwa inchi, unapata pikseli karibu 12 kwa kila milimita. Hizo zinatosha kwa matunda mengi. Kwa matunda madogo sana panda hadi 600. Funika juu kwa sanduku jeusi ili mwanga wa chumba usiingie pembeni.

Kamera ina mtego ambao wengi hawauoni. Unaweka rula mezani kando ya tunda, unapima kwa rula hiyo, na unadhani umemaliza. Lakini sehemu pana zaidi ya tunda haiko mezani, iko juu ya meza. Tuseme lenzi iko sentimita 50 juu ya meza na sehemu hiyo pana iko sentimita 4 juu. Tunda litaonekana kubwa kuliko lilivyo kwa 50 kugawanya kwa 46, yaani karibu asilimia 9. Pandisha kamera hadi sentimita 150 na kosa linashuka hadi chini ya asilimia 3. Dawa ni mbili: piga ukiwa mbali kisha vuta kwa lenzi, na weka rula juu ya kitu chenye kimo cha katikati ya tunda. Kosa hili huumiza zaidi vipimo vya ukubwa kuliko uwiano, lakini matunda makubwa na madogo hayakoseshwi kwa kiasi kimoja, na hapo ndipo ulinganisho unapoingia doa.

Kisha kuna kivuli. Programu hutenganisha tunda na usuli kwa kuweka kizingiti cha mwanga au rangi. Njia ya Otsu ya mwaka 1979, inayokichagua kizingiti hicho yenyewe, bado ndiyo inayotumika mahali pengi. Kivuli kilichoshikana na tunda kitahesabiwa kuwa tunda. Tumia usuli wa rangi ambayo tunda halina, kwa mfano bluu isiyong'aa kwa matunda mekundu, ya njano na ya kijani, na taa mbili zinazotazamana.

Amua pia kuhusu kikonyo: kiondolewe kwa yote au kibaki kwa yote. Kila tunda lielekee upande mmoja, kikonyo juu. Na vuna matunda yaliyofikia hatua moja ya ukomavu, kwa sababu umbo hubadilika tunda linapokua, na tofauti ya umri huonekana kama tofauti ya aina.

La mwisho kabla ya kuingia kwenye njia: hesabu mimea, si matunda tu. Matunda 200 yaliyotoka kwenye mimea minne ni ushahidi wa mimea minne.

## 1. Urefu, upana na viashiria

Inachopima. Urefu, upana, eneo, mzingo, na uwiano unaotokana navyo. Programu inayojulikana zaidi ni ImageJ, aliyoianzisha Wayne Rasband katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani mwaka 1997. Ni ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta yoyote. Ukishaipa kipimo na kizingiti, inakuhesabia matunda yote yaliyomo kwenye picha kwa mkupuo mmoja.

Kiashiria kinachopendwa baada ya uwiano wa urefu na upana ni uduara: mara nne ya pai kuzidisha eneo, kugawanya kwa mzingo uliopandishwa kipeo cha pili. Duara kamili hupata 1, mraba hupata karibu 0.79, na ile duaradufu yetu ya 90 kwa 60 hupata karibu 0.94.

Picha inayohitaji. Yoyote yenye ukingo safi. Tunda zima linatosha.

Jasho. Ni dogo kuliko njia zote. Elfu kadhaa za matunda si tishio.

Kinachopotea. Hapa lazima niseme mawili. La kwanza tumeliona: uwiano hauoni unene umelalia wapi, kwa hiyo duaradufu na peasi huungana. La pili limejificha zaidi. Uwiano ambao ImageJ hutoa kama kipimo cha umbo unatokana na duaradufu inayopachikwa juu ya tunda, mhimili mrefu kugawanya kwa mfupi. Haushuki kamwe chini ya 1. Maana yake tunda bapa lenye kimo cha milimita 40 na upana wa 60 linapewa 1.5 sawasawa na tunda refu la 60 kwa 40. Ukifanya kazi na nyanya, ambako bapa na ndefu ni ncha mbili za tofauti yenyewe, namba hiyo inazikunja ncha zote mbili mahali pamoja. Suluhisho ni rahisi: panga vikonyo vyote juu, kisha chukua kimo na upana wa mstatili unaozunguka tunda, ugawanye mwenyewe.

Uduara nao una udhaifu wake. Mzingo unahesabiwa kwa pikseli, na ukingo wenye mikwaruzo hurefuka kadiri unavyoukaribia. Linganisha uduara wa picha zilizopigwa kwa msongamano mmoja wa pikseli tu.

Usomaji wa majibu. Hakuna njia inayosomeka kirahisi kuliko hii. Kila mtu anaelewa maana ya "refu mara moja na nusu ya upana".

Inamfaa nani. Anayepanga matunda kwa madaraja, anayefuatilia ukuaji wiki kwa wiki, anayeanza na anataka kujua kama kuna tofauti yoyote ya kufuatilia. Pia inamfaa mtafiti mkubwa ambaye swali lake kwa kweli ni urefu. Wapo wanaoidharau njia hii kwa sababu ni nyepesi, nami siwaungi mkono.

## 2. Sifa zilizofafanuliwa

Inachopima. Mtu mwingine amekaa, ametazama matunda mengi, na kuamua sifa zipi zina maana: kimo cha mabega, kina cha shimo la kikonyo, pembe ya ncha, upana wa juu ukilinganishwa na wa chini, kiasi ambacho tunda linakaribia mstatili au duara. Kisha amezigeuza kuwa kanuni ambazo kompyuta inazitekeleza. Mfano mkuu ni Tomato Analyzer, programu iliyotokana na kikundi cha Esther van der Knaap katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2006. Jina linataja nyanya, lakini tangu mwanzo ilikusudiwa kutumika kwa matunda mengine pia.

Picha inayohitaji. Matunda yaliyopasuliwa kwa urefu, katikati kabisa, yakaskaniwa. Kisu kikipita pembeni ya kitovu, sifa za mabega na za ndani zinapotoka. Kwa sifa za ndani, kama vyumba vya mbegu, utahitaji pia kukata kwa upana.

Jasho. La wastani. Programu hutafuta ukingo yenyewe, lakini mara kwa mara hukosea panapoanza kikonyo au inaposhindwa kuona ncha, na hapo unasahihisha kwa mkono, tunda moja moja. Usiamini kundi zima bila kulipitia.

Kinachopotea. Chochote ambacho mtunzi wa orodha hakukifikiria. Kama tunda lako lina mfinyo wa pekee ubavuni, na orodha haina mfinyo wa ubavuni, mfinyo huo haupo. Kwa upande mwingine sifa ni nyingi na nyingi kati yake huimba wimbo mmoja: zikipanda hupanda pamoja. Mtu akijaribu kila sifa kwa takwimu bila kurekebisha kwa ajili ya wingi wa majaribio, atapata "matokeo" kadhaa kwa bahati tu.

Usomaji wa majibu. Mzuri sana, na hili ndilo lililoipa njia hii nguvu katika utafiti wa jeni. Kwenye nyanya, jeni za SUN na OVATE zote huathiri urefu wa tunda, ilhali LC na FAS huongeza idadi ya vyumba vya mbegu na kulifanya tunda kuwa bapa. Aliyebaki na uwiano wa urefu na upana tu ana mstari mmoja ambao jeni hizo zote zinauvuta, huku na kule. Mwenye sifa za mabega, za ncha na za upande ulio mnene ana mahali pa kuanzia kuzitenganisha. Kazi ya kikundi hichohicho, iliyochapishwa 2011, ilizipanga nyanya katika makundi manane ya umbo, kuanzia bapa na duara hadi moyo na ndefu, na kuonyesha jinsi jeni hizo nne zinavyoeleza sehemu kubwa ya tofauti hiyo.

Inamfaa nani. Mzalishaji wa mbegu na mtafiti wa jeni, hasa wa nyanya na matunda yanayofanana nayo, anayehitaji kusema kwa maneno ni sehemu gani ya tunda imebadilika.

## 3. Nukta alama

Inachopima. Unachagua sehemu zinazopatikana kwenye kila tunda bila ubishi, unaweka nukta, na kompyuta inahifadhi mahali pa kila nukta. Kisha nukta za matunda yote zinahamishwa, zinapunguzwa au kukuzwa, na kuzungushwa hadi zilandane kadiri inavyowezekana. Ulandanishaji huo unaitwa Procrustes. Kinachobaki baada yake ni umbo tupu kwa maana ileile ya Kendall, na ukubwa unawekwa kando kama namba ya peke yake. Nukta zinawekwa kwa tpsDig ya F. James Rohlf, na uchanganuzi hufanyika kwa MorphoJ ya Christian Klingenberg au kifurushi cha geomorph ndani ya R, lugha ya kompyuta ya takwimu. Zote ni za bure.

Picha inayohitaji. Ile inayoonyesha nukta zenyewe. Kwa matunda mara nyingi hiyo ni tunda lililopasuliwa, kwa sababu nje hakuna kitu.

Jasho. Kubwa. Kila nukta ni mbofyo wa mkono, na mkono huchoka. Nukta 10 kwa matunda 500 ni mibofyo 5,000, na inafaa urudie sehemu yake ili kujua unakosea kiasi gani.

Kinachopotea. Ukingo ulio kati ya nukta. Na hapa ndipo tunda linapoikatalia njia hii. Fred Bookstein, mwanatakwimu wa maumbo, alizigawa nukta katika makundi matatu: zile za makutano halisi ya tishu, zile za ncha au bonde la mkunjo, na zile za "mbali zaidi" zinazotegemea kitu kingine. Fuvu la mnyama limejaa za kundi la kwanza. Tunda la mviringo lina mbili tu za kuaminika kwa nje: kikonyo kinaposhikana na tunda, na kovu la ua upande wa pili. Nyingine zote ni za kundi la tatu, na "sehemu pana zaidi" kwenye ubavu ulionyooka inaweza kuwa popote.

Nililijua hili kwa uchungu. Niliwahi kutumia wiki kadhaa nikiweka nukta kwenye kingo za matunda ya duara, kisha nikarudia matunda 30 yaleyale bila kutazama kazi ya kwanza. Nukta za ubavuni zilikuwa zimehama kuliko tofauti iliyokuwepo baina ya aina nilizokuwa nikizilinganisha. Kazi ile yote nilipima mkono wangu.

Kuna njia ya kati: nukta zinazoteleza. Unaziweka kwa nafasi sawa kwenye ukingo kati ya nukta mbili za kweli, na kompyuta inaruhusiwa kuzitelezesha kufuata mkunjo ili zilandane. Zinasaidia kweli, ila ukizijaza nyingi unakuwa umeingia kwenye eneo la njia ya nne huku ukibeba jasho la tatu.

Usomaji wa majibu. Wa kupendeza macho. Unapata gridi inayopindika ikionyesha bega limepanda wapi na ncha imevutwa wapi. Takwimu zake zina misingi imara, lakini kumbuka kwamba nukta 10 za picha bapa huleta namba 20, zinazobaki 16 huru baada ya ulandanishaji. Idadi ya mimea yako iwe kubwa kwa kutosha kuzibeba.

Inamfaa nani. Anayetafiti anatomia ya ndani: mahali pa kokwa ndani ya embe, kuta za vyumba vya mbegu, kovu la ua lilivyohama kutoka katikati. Palipo na makutano halisi ya tishu, sijaona njia inayoishinda hii.

## 4. Ukingo wote kwa Fourier

Inachopima. Mstari mzima unaozunguka tunda. Hesabu hizi, zilizowekwa wazi na Kuhl na Giardina mwaka 1982, huuandika ukingo kama duaradufu nyingi zilizopandana, kila moja ikizunguka kwa kasi zaidi kuliko iliyotangulia. Ya kwanza inachora tunda kwa ujumla. Ya pili na zinazofuata zinaongeza shingo, mabega, ncha. Kila duaradufu ina namba nne. Ukitumia 20 unapata namba 80, na tatu kati ya hizo huwa hazibadiliki ukisharekebisha ukubwa, mwelekeo na mahali pa kuanzia. Programu ya SHAPE ya Iwata na Ukai ilitoka 2002, na ndani ya R kuna kifurushi cha Momocs.

Namba 77 hazisomeki, kwa hiyo hupitishwa kwenye uchanganuzi wa vijenzi vikuu, ambao hutafuta mihimili michache inayobeba sehemu kubwa ya tofauti. Kwa matunda, mara nyingi mihimili mitatu au minne ya mwanzo huchukua karibu yote.

Picha inayohitaji. Tunda zima au nusu yake, mradi ukingo ni safi kabisa. Kipande cha jani kilichosalia kwenye kikonyo kitaingia kwenye hesabu kama sehemu ya umbo.

Jasho. Dogo kwa mkono, zaidi kwa kichwa. Kompyuta inafuata ukingo yenyewe, wewe unabaki na takwimu.

Kinachopotea. Ndani yote. Na pia uhakika kwamba nukta fulani ya tunda moja ndiyo nukta ileile ya jingine: njia hii haijui kikonyo ni nini, inajua mstari tu. Udhaifu huu huonekana zaidi kwenye matunda ya duara. Urekebishaji wa kawaida hulilaza tunda kwa kufuata mhimili mrefu wa duaradufu ya kwanza. Tunda likiwa karibu duara, mhimili huo mrefu unaweza kuangukia upande wowote, na tufaha moja linasimama huku mwenzake akilala ubavu. Mhimili wa kwanza wa tofauti unaoutangaza kwa furaha unaweza kuwa ni matunda yaliyolala tu. Kinga yake ni kuelekeza kila tunda kwa kikonyo kabla ya kuingiza, na kuuzima urekebishaji wa mwelekeo wa programu.

Usomaji wa majibu. Namba zenyewe ni bubu, lakini njia ina zawadi ambayo siichoki: unaweza kuzirudisha namba kuwa mchoro. Chora umbo la wastani, kisha lisogeze kwenye mhimili wa kwanza hatua mbili za mkengeuko sanifu (kipimo cha kutawanyika kwa namba) mbele na nyuma, na utaona tofauti ikitokea yenyewe, bila mtu kukuambia utafute nini. Ukiwa umepanga matunda kikonyo juu, unaweza pia kutenga tofauti za ulinganifu wa kushoto na kulia na tofauti za kupinda. Iwata na wenzake walifanya hivyo kwa mizizi ya figili za Kijapani katika miaka ya 1990.

Inamfaa nani. Mwenye mkusanyiko mkubwa wa aina asizozijua vizuri, ambaye hataki kuamua mapema sifa ipi ni muhimu.

## Duaradufu na peasi tena

Tuyarudishe matunda yetu mawili. Rula inasema 1.5 na 1.5. Uduara utashuka kidogo kwa peasi kwa sababu ya shingo, lakini tunda lenye ukingo uliokwaruzwa hushuka vilevile, na namba haikuambii ni lipi kati ya hayo. Programu ya sifa itasema kwa neno: upana mkubwa uko chini ya katikati, na ni kwa kiasi hiki. Nukta alama za kikonyo na kovu peke yake hazitasema lolote, kwa sababu nukta mbili ni urefu tu. Ukiongeza zinazoteleza, shingo itaonekana. Fourier itayatenganisha mara moja, ila hakutakuwa na neno "shingo" popote. Wewe ndiye utakayetazama mchoro na kulipa jina.

Ninayapenda majibu yote manne. Ya rula si uongo hata kidogo, kwa sababu kwa anayetengeneza boksi la kupakia, matunda hayo kweli ni sawa.

## Na kompyuta zinazojifunza?

Watu huniuliza kama mitandao ya neva imeshazifuta njia hizi. Kazi yake bora kwa sasa iko hatua moja nyuma: kutenganisha tunda na usuli. Miundo kama U-Net ya 2015, au Segment Anything iliyotolewa na Meta mwaka 2023, huchora ukingo wa tunda lililo katikati ya majani ambako kizingiti cha rangi kingeshindwa kabisa. Ukingo ukishapatikana, bado unarudi kuchagua kati ya njia nne. Unaweza pia kuifundisha kompyuta iyataje makundi ya maumbo moja kwa moja, lakini hapo itarudia majina uliyoipa, pamoja na makosa yaliyomo.

Kupima tunda kwa pande tatu, kwa picha nyingi zinazolizunguka, kunafaa pale ambapo tunda si la mviringo ukilitazama kutoka juu: lenye mbavu, lililobanwa, lililopinda pande mbili. Kwa tunda linalofanana pande zote, picha moja ya ubavuni hubeba karibu kila kitu.

## Uchague kwa hali yako

Kama una matunda elfu kadhaa na siku chache, na swali ni marefu au mafupi, chukua njia ya kwanza, na ugawanye kimo kwa upana mwenyewe.

Kama unatafuta sehemu za jenomu zinazoathiri umbo la nyanya, anza na sifa zilizofafanuliwa, halafu pitisha kingo zilezile kwenye Fourier. Njia hizi mbili zikielekeza mahali pamoja una jambo la kuandika. Zikiachana, tazama matunda yaliyosababisha; mara nyingi ni makosa ya ukingo, na mara chache ni ugunduzi.

Kama una mkusanyiko wa aina za kienyeji ambazo hakuna aliyezipanga bado, Fourier itakuonyesha zinavyojipanga kabla hujazipachika majina. Ukishaona mhimili wenye maana, tafuta kipimo rahisi kinachoufuata, mfano upana wa robo ya juu kugawanya kwa upana wa robo ya chini, ili wanaokuja baadaye waupime kwa rula.

Kama swali lako liko ndani ya tunda, weka nukta, chache na za kweli, na urudie kuziweka kwa sehemu ya sampuli. Kama matunda yako ni duara na hakuna cha ndani unachokitafuta, ziache.

Kama unaandika maelezo rasmi ya aina mpya, vipimo vifuate msamiati wa miongozo inayotumika kwa zao hilo, hata kama Fourier ingeona zaidi. Ihifadhi Fourier kwa ajili ya kuonyesha kwamba aina mbili zilizo kwenye kisanduku kimoja cha miongozo kweli zinatofautiana.

Na kama bado hujaamua, usipige picha zote. Piga matunda 30 kutoka kwenye mimea tofauti ya aina unazolinganisha, yapitishe kwenye njia mbili unazozifikiria, kisha kesho yake yapige na uyapime upya kana kwamba hujawahi kuyaona. Gawanya tofauti kati ya siku mbili kwa tofauti kati ya aina. Njia ambayo sehemu hiyo ni ndogo zaidi, kwa matunda yako na mkono wako, ndiyo ya kuendelea nayo kwa matunda yaliyobaki.